Mahasimu wa Ngoma na Wimbo wa Milembe

Vijana wa chama chetu cha ngoma, mmetaka niandike. Katibu alinifuata hapa kwangu Cheyo na simu yake, akasema, "Mzee Kapela, wewe sema tu, mimi nitaandika." Nikamkatalia. Shule niliishia darasa la tatu, lakini hilo darasa la tatu nililisoma lote. Nitaandika mwenyewe. Anayetaka kucheka mwandiko wangu acheke, kisha aje uwanjani aimbe tangu mchana mpaka jua lizame bila kukohoa, ndipo tujue nani kasoma.

Habari za vyeo na malipo sitaziandika. Cheo mnakijua, mlinipigia makofi nilipokiacha, wengine kwa nguvu kuliko ilivyopasa. Hapa naandika kazi.

Nyumbani kwetu ni upande wa Bukene, kule treni ya Mwanza inakosimama, inashusha watu, inapakia magunia, halafu kimya kinarudi. Kwenye ukoo wetu hakukuwa na manju, yaani mtunzi na mwimbaji kiongozi wa ngoma. Babu wa babu yangu alibeba pembe na vitambaa kati ya huku na pwani enzi za misafara, na wazee walisema hata yeye aliimba vibaya, wenzake wakamweka nyuma ya msafara. Wanaowaambia kwamba umanju ni wa kurithi msiwasikilize. Mimi nilirithi jembe.

Na jembe ndilo lililonipa kazi. Watu wa kwetu walikuwa wakilima shamba la mmoja wao kwa kuitana, wamejipanga mstari, mwimbaji mbele na ngoma yake, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo. Siku moja mwimbaji alikuja sauti imekauka. Mwenye shamba akanisukuma mbele kwa sababu nilikuwa mdogo kuliko wote na nilikuwa nalima ovyo. Nikaimba. Niliimba haraka mno, kwa woga. Majembe yakanifuata, maana jembe halina adabu, linafuata ngoma. Kabla jua halijakaa vizuri shamba lilikuwa limekwisha, mwenye shamba anafurahi, na wenye majembe wamekaa chini wanatafuta fimbo ya kunichapa.

Aliyenikinga ni Mzee Luhende. Yeye alikuwa manju mwenye jina tangu Nzega mpaka Tabora mjini, na siku hiyo alikuwa kwenye mstari analima kama watu wengine. Alijipangusa jasho, akaniambia, "Wewe unaimba kama mtu anayefukuzwa. Njoo nikufundishe kutembea."

Nikamfuata kwa misimu mingi. Alinifundisha kukausha ngozi ya ngoma kwa moto wa majani, si wa kuni, kwa sababu moto wa kuni unaichoma upande mmoja na ngoma inaanza kusema mambo mawili. Alinifundisha kufunga kitambaa chini ya njuga, la sivyo kifundo cha mguu kinachubuka na siku ya tatu unacheza kama kuku aliyefungwa. Jioni, alisema, shika upande wa mashariki wa uwanja, ili anayekutazama jua limpige mgongoni. Ukimwekea mtu jua machoni, hata uimbe nini atakwenda kwa mwenzako.

Kwa mwenzako, kwa sababu ngoma ya mashindano kwetu ni ya watu wawili. Mnaiita mbina, lakini naandika kwa ajili ya wale wa mjini pia waliojiunga juzi. Manju mmoja anashika upande huu, wa pili upande ule, kila mmoja na ngoma zake na wapokeaji wake wa kuitikia. Wanaanza pamoja. Watu wanakwenda kwenye utamu, wanarudi, wanakwenda tena, na jua likizama aliye na watu ndiye mshindi. Hakuna jaji. Miguu ya watu ndiyo jaji, na haijawahi kuhongwa.

Ukishindwa kwa wimbo fulani, unakwenda nyumbani unatunga wimbo wa kuujibu. Unauchukua mstari wa mwenzako, unaugeuza, unautia matusi, unauimba vijiji vyote mpaka watu wamcheke yeye wasahau kwamba wewe ndiye uliyepigwa. Ndiyo maana manju hajibu wimbo alioushinda. Ukimsikia mtu anajibu, ujue aliumia.

Hasimu wangu alikuwa Jilala wa Igunga. Mrefu, sauti nyembamba ya juu inayopasua upepo. Aliimba kwamba kichwa changu ni boga lililosahauliwa shambani. Mimi nikaimba kwamba pua yake inafika harusini siku moja kabla yake. Hatukupeana mkono miaka na miaka, wala kunywa katika kata moja, kwa sababu kila manju aliamini mwenzake ana dawa ya kukausha sauti. Nikisikia Jilala yuko kwenye basi, nasubiri linalofuata.

Maisha ya kuimba peke yako mnayasifu sana siku hizi. Mnasema, mimi sina bosi. Sikatai. Uhuru ule ni wa mbuzi aliyekata kamba, anakula anapotaka mpaka fisi amwone. Ngoma yangu ilipasuka katikati ya msimu, nikakaa nyumbani nasikiliza za wenzangu kwa mbali. Niliugua koo, harusi zote nilizoahidi zikapata mwimbaji mwingine na hazikurudi. Halafu ofisi zikaanza kusema kibali cha uwanja kinatolewa kwa kikundi kilichosajiliwa tu. Mtu na ngoma yake hana uwanja. Nikaenda na kofia mkononi, nikaambiwa hivyohivyo. Nikarudi nimeivaa.

Ndipo nikapanda basi kwenda Igunga. Nilimkuta Jilala anawamba ngoma. Hakuinua kichwa.

"Kapela. Umepotea, au umekuja kuomba radhi ya ule wimbo wa pua?"

"Pua yako bado nina beti zake nyingine sijazitoa. Nimekuja kwa ajili ya kibali."

"Nimenyimwa," akasema.

"Na mimi."

Akavuta ukanda wa ngozi mpaka ukalia. "Basi leo tumetoka sare. Kaa."

Kikao cha kwanza kilifanyika hapa nyumbani kwangu. Walikuja mamanju wa pande zote, kila mmoja akachagua pa kukaa kwa kuangalia upepo, asije akapuliziwa kitu. Mke wangu Mama Kulwa alipika chai ya maziwa, akamimina vikombe vyote. Hakuna aliyegusa. Tulizungumza habari ya umoja mpaka chai ikaota ngozi juu kama ngoma mpya.

Mama Kulwa akatoka jikoni. "Mnaogopa nini? Ningetaka kuwaroga ningeweka kwenye maji. Sukari hii naijua bei yake." Akachukua kikombe cha Jilala, akanywa mafunda mawili, akamrudishia mkononi. Jilala akamtazama, akanitazama, akanywa. Wengine wakanywa. Hiyo ndiyo katiba yetu ya kwanza. Ile nyingine aliiandika katibu baadaye, nayo si mbaya.

Msidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Tulipoalikwa mara ya kwanza Tabora mjini kwenye sherehe, tuliambiwa tutumbuize kama kikundi kimoja. Tukakubali. Kufika uwanjani, bila mtu kusema neno, ngoma zangu zikaenda upande huu na za Jilala upande ule. Miguu ilishazoea. Kusikia tu mdundo wake nikamjibu, naye akanijibu, watu wakaacha viti wakaanza kukimbia huku na huku, na mgeni rasmi akabaki jukwaani na dereva wake wanatazama migongo. Mwaka uliofuata hawakutualika. Mwaka mwingine wakatualika tena, kwa sababu watu walikuwa wanauliza wale wazee wanaonyang'anyana watu wako wapi.

Baada ya hapo chama kikawa chama. Kibali kimoja kwa msimu mzima. Ngoma za akiba, mtu akipasukiwa anaazima asubuhi anacheza jioni. Gari moja la kutubeba sote, ambalo zamani lilikuwa la kusombea tumbaku, na mpaka leo nikinusa tumbaku nasikia njaa ya kuimba. Redio zikawa zinajua pa kutupata. Na mtu akilala kitandani, upande wake wa uwanja hauchukuliwi. Mwenzake anaushika na kuimba nyimbo zake mpaka apone.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya Milembe, na ndiyo hasa niliyotaka kuiandika.

Milembe ni mkulima wa mpunga, mjane, kijiji chake si mbali na stesheni ya Bukene. Sauti yake ni ya chini. Haipigi kelele, lakini ukiisikia unatua ulichobeba. Aliimba harusini na mavunoni na wanawake wachache wa kumpokea, bila kikundi, bila kibali, bila mtu. Nilimwendea kumwomba ajiunge si mara moja. Alinijibu akiwa amesimama majini anapandikiza, hata mgongo hakunyoosha.

"Mzee Kapela, chama chenu ni cha wanaume wanaogombana kwa ratiba. Mimi nagombana na mpunga, unanitosha."

Nikaondoka. Nilikasirika, lakini jibu lilikuwa zuri, nikalitia kwenye wimbo.

Wimbo wake mkubwa mnaujua. Aliutunga kwa Kinyamwezi. Kwa Kiswahili ni kusema hivi:

Jembe limekula mpini,
mimi bado sijala.
Shamba limevuka mlima,
mimi bado sijala.

Mtu mmoja alimrekodi kwa simu siku ya mavuno. Ile sauti ikatoka simu hadi simu mpaka ikafika studio moja ya Kanyenye, Tabora mjini, wakaitia biti, na kijana mmoja wa mjini akaimba juu yake, akabadilisha maneno machache, akaandikisha kwamba katunga yeye. Ukapigwa kwenye bajaji zote. Sina ugomvi na biti. Lakini siku moja Milembe yuko harusini Nzega, anaanza kuimba, mshereheshaji akamzimia kipaza sauti. "Mama, samahani, huo wimbo una mwenyewe." Na kijana akapeleka malalamiko kwamba kuna wanawake vijijini wanaimba wimbo wake bila ruhusa. Ofisi ya utamaduni ikamwita Milembe, ikamwambia asiuimbe mbele ya watu mpaka shauri liishe.

Na mbina ya mavuno ya Bukene ilikuwa imekaribia, na kwa mara ya kwanza wanakijiji walikuwa wamempa mwanamke upande wa uwanja. Mwanamke mwenyewe ndiye huyo.

Alikuja hapa Cheyo na vumbi la safari, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Shikamoo, Mzee Kapela."

"Marahaba. Umekuja kujiunga au kuomba msaada?"

"Kipi kinatangulia?"

"Kujiunga."

"Basi nimejiunga. Sasa nisaidie." Akatazama mikono yake. "Nyimbo nyingine ninazo. Lakini ule niliutunga mwaka ambao baba watoto aliugua na shamba likabaki lote kwangu. Wakinipeleka uwanjani bila ule, wamenipeleka kulima bila jembe. Heri upande wangu wampe mtu mwingine."

Nikaita kamati. Mmoja wao, jina nalihifadhi kwa kuwa mkewe ananiheshimu, akasema, "Alitukataa miaka yote. Leo kaungua ndiyo kaona kisima."

Nikamwambia, "Unataka chama cha watu wasio na shida? Hicho ni kilabu cha pombe, kipo hapo nyuma ya soko, nenda." Tukapiga kura. Alikubaliwa.

Nikaenda Nzega kwa afisa utamaduni, Bi Mwanahawa. Huyu ni Mzaramo, na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo kazi yetu ilianza kwa matusi kama inavyotakiwa. Baada ya hapo akaniambia ukweli. Wanawake wanaompokea Milembe ni majirani zake na mawifi zake. Kijana naye ana karatasi ya kuandikisha.

"Mzee, mimi siwezi kuamua kwa maneno ya ndugu," akasema. "Niletee mtu aliyeusikia wimbo huu zamani na ambaye hampendi huyu mama."

"Huyo ninaye," nikasema. Nikajuta hapohapo, kwa sababu nilijua nakwenda wapi.

Zamani, Milembe akiwa bado na mtoto mgongoni, Jilala alishindana Bukene na manju mwingine ambaye sasa ni marehemu. Mimi sikuwepo, watu wa kwetu walinisimulia. Milembe alikuwa pembeni mwa uwanja na wanawake wauza uji. Wanawake hao walipokaa kupumzika akaanza kuimba wimbo wa jembe, taratibu tu, kwa ajili ya wenzake. Watu walio karibu wakageuka. Kisha walio nyuma yao. Jua lilipozama, mamanju wote wawili walikuwa wanaimbia miti, na uwanja mzima uko kwenye vyungu vya uji. Jilala akaenda akatunga jibu, akaliimba vijiji vya Bukene msimu mmoja, akaliacha. Huko kwao Igunga alisema siku ile uwanja ulikuwa wake, na wajukuu zake wamekua wakijua hivyo.

Nilimkuta anaanika ngozi, wajukuu wamemzunguka. Akawafukuza waende wakachunge.

"Unaukumbuka ule wimbo wako wa jembe?" nikamuuliza.

"Wimbo gani?"

"'Jembe limekula mpini, kesho litakula mume.'"

"Nani kakwambia ni wangu?"

"Matusi yako nayajua kama ninavyojua mlio wa ng'ombe wangu."

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku anasugua ngozi mahali palepale, pakawa peupe.

"Unajua unachoniomba," akasema. "Nikiuimba mle ofisini, nimesema mbele ya serikali kwamba nilipigwa. Si na manju. Na wauza uji."

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo, hivihivi?"

"Ulitaka nikudanganye?"

"Huyu mama hata chama alikikataa. Ana miezi mingapi ndani? Hana hata mmoja."

"Ulipovunjika mguu," nikasema, "nani aliushika upande wako msimu mzima?"

"Chama."

"Chama gani? Ni mimi. Niliziimba nyimbo zako, pamoja na ile ya boga. Nilisimama mbele ya watu nikajiimba kichwa changu mwenyewe, ili upande wako usichukuliwe."

Jilala alicheka, lakini hakukubali. "Nenda, Kapela. Nitafikiri." Nikarudi bila kujua kama atakuja.

Siku ya shauri tulifika Nzega asubuhi. Ukumbini nje ya ofisi mabenchi yamejaa watu wa vijijini, wengi wanawake, kila mmoja na shida yake, huyu ardhi, huyu cheti cha mtoto. Tukapenya. Kijana wa mjini alikuwa ndani tayari, miwani nyeusi kichwani. Ana adabu, alituamkia sote. Milembe akakaa karibu na dirisha.

"Watani zangu," Bi Mwanahawa akaanza. "Mlitubebea mizigo mpaka pwani hamkudai kitu, leo mmeamka mnadai wimbo."

"Tulidai," nikasema. "Ila Wazaramo mlikuwa mmelala."

Watu wakacheka, hata kijana. Kisha afisa akauliza shahidi yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Tukangoja. Bi Mwanahawa akatazama karatasi zake, akatazama mlango, akasema kwa upole kwamba ana kazi nyingine na hataweza kungoja mchana wote. Milembe akaanza kufunga pindo la khanga yake, kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Ndipo tukasikia njuga.

Jilala hakuja kama shahidi. Alikuja kama manju, njuga miguuni, ngoma begani, amekaa nyuma ya bodaboda kutoka stendi. Akaingia akapiga kifundo cha mguu chini mara moja, chwaa. "Nimeambiwa kuna uwanja hapa."

Akaeleza. Alieleza vizuri, lakini alieleza nusu, kwamba aliusikia wimbo Bukene zamani, akautungia wa kwake. Kwa nini aliutungia, hakusema.

Kijana akainua mkono. "Samahani, mzee wangu. Wewe na mama ni chama kimoja. Wimbo wa kumjibu mnaweza kuwa mmeutunga jana."

Bi Mwanahawa akatikisa kichwa kukubali. "Hilo ni swali."

"Ni swali zuri," Jilala akasema. "Na mimi ningeuliza." Akaweka ngoma katikati ya magoti, akafumba macho, akatoa ile sauti yake nyembamba.

Jembe la Milembe lina mdomo,
limekula mpini,
limeinua macho, limetazama nyumbani,
kesho litakula nini?

Akanyamaza, kama tunavyonyamaza kuwapisha wapokeaji. Mle ndani hakuna aliyepokea. Mimi siujui vizuri, na Milembe asingejipokelea tusi.

Ukapokewa nje.

"Litakula mume," sauti moja ukumbini. Kisha benchi zima. "Litakula mume, litakula mume, mumewe ajifiche." Na kicheko, kicheko cha wanawake wanaokumbuka kitu.

Jilala alifumbua macho. Akatupa ubeti wa pili, wakaupokea. Wa tatu, wakaupokea kabla hajaumaliza. Bi Mwanahawa alisimama, akafungua mlango.

"Nyinyi mmefundishwa na nani huu wimbo?"

Bibi mmoja wa Bukene, ana bahasha yake mkononi, akasema, "Kufundishwa? Tulimcheka nao huyo Milembe mpaka mtoto wake akaacha kunyonya. Sasa mtoto mwenyewe kaolewa."

"Na huyu mzee aliutunga kwa nini?"

"Si tulimnyang'anya watu. Mimi mwenyewe nilikuwa nauza uji siku hiyo. Aliondoka hata uji hakununua."

Ukumbi wote ukacheka. Jilala alisimama katikati ya ofisi na njuga zake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue zilikuwa kimya kabisa. Nikaangalia chini. Siku zote nilitaka kumwona Jilala ameshindwa mbele ya watu, na sasa nimemwona, nikakuta sina la kuimba.

Akamgeukia afisa. "Ni kweli. Wimbo wa huyu mama ulinipiga. Ndiyo maana niliujibu. Andika hivyo, na jina langu liandike lote."

Bi Mwanahawa akaandika. Hakufanya utani.

Kijana alivua miwani kichwani. Akasema alipewa sauti kwenye fleshi, hakuuliza ya nani, na alipoambiwa ajaze jina la mtunzi akajaza lake kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwepo. "Nisamehe, mama."

Milembe akalifungua pindo la khanga yake. "Biti yako si mbaya," akasema. "Jina langu liweke mbele."

Likawekwa mbele. Katazo likaondolewa hapohapo, na karatasi za kule wimbo ulikoandikishwa zikarekebishwa. Kijana sasa ni mwanachama wetu, mnamfahamu, na nyie mnaomtania kwa jambo hili mwacheni. Alikubali mbele ya watu. Nawajua wengi waliokufa bila kufanya hivyo.

Mbina ya mavuno ikafika. Ilikuwa ya mwisho kwangu kabla sijawaachia uenyekiti. Milembe akapewa upande wa mashariki, na mimi nilihakikisha. Upande wa magharibi tulisimama mimi na Jilala pamoja, wazee wawili, ngoma zetu zimeunganishwa, tumepanga kumwonyesha mwanachama mpya kwamba huruma ya ofisini haifiki uwanjani. Tulivuta. Niwaambie ukweli, tulivuta vizuri sana. Watu walitujaa mpaka vumbi likaficha miti.

Milembe akangoja. Jua lilipolegea akauanza wimbo wa jembe, chini kabisa, kama anajiimbia nyumbani. Niliona mgongo wa kwanza ukigeuka. Halafu ikawa kama maji yamepata mfereji. Wakaondoka wanawake, wakaondoka wazee, wakaondoka vijana na simu zao zimeinuliwa. Wakaondoka wapokeaji wetu. Mpiga ngoma wangu wa miaka yote akaweka vijiti chini kwa adabu, kama mtu anayetoka kanisani, naye akaenda.

Tukabaki wawili. Jilala akaondoa ngoma begani.

"Twende," akasema. "Tunasimama hapa tunangoja nini?"

Tukavuka uwanja mzima kwa miguu, watu wakitupisha. Jilala alipenya mpaka mbele, akasimama nyuma ya wanawake wa Milembe. Ulipofika mwisho wa ubeti nikamsikia anapokea. Ni sauti ileile niliyoshindana nayo umri wangu wote, nyembamba, ya juu, na siku hiyo ilikuwa inamfuata mtu.

Milembe aliisikia. Hakugeuka. Aliupandisha wimbo juu kidogo, ili sauti ya yule mzee ipate pa kuingilia.